Transista ya shilingi 300 na spika ya kwaya

Baba ana kopo la Blue Band, lile la kilo moja, ambamo huzika transista, vile vijidude vya miguu mitatu vinavyokuza umeme ndani ya redio na amplifaya. Neno ni lake mwenyewe: huzika. Kila inayofia mezani kwake pale Mwanjelwa huing'oa, huipima kwa multimita mara ya mwisho, kisha huidondosha koponi, ting. Humo mna 2N3055 za bati zilizotolewa kwenye inveta, TIP41 zilizopasuka tumbo, na vitu vidogo vyeusi ambavyo namba zake hazisomeki tena. Zamani nilidhani ni uchoyo wa mafundi wa kutotupa kitu.

Mwezi wa tano nilimpelekea maiti yangu, transista ndogo moja iitwayo BC547, akaitazama, akaikataa. Nitafika hapo.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika sekondari moja hapa Mbeya, siyo fundi redio. Amplifaya ni za jioni, chakula kikishaliwa, kwenye meza iliyo chini ya dirisha nyumbani Isyesye. Hii ninayoizungumzia niliitengeneza kwa ajili ya kwaya yetu, kwa sababu sabufa waliyokuwa wanatumia ilikuwa inakwaruza kiasi kwamba soprano walikuwa wanasikika kama wana mafua.

Mchoro niliouanzia ulikuwa daftarini tangu nikiwa chuoni. Ni ule mpangilio wa kawaida wa hatua tatu. Mlangoni kuna transista mbili pacha zinazolinganisha sauti inayoingia na ile inayorudishwa kutoka kwenye njia ya spika. Nyuma yake ipo moja inayokuza volti. Mwishoni kuna zinazosukuma spika, ndogo kiasi zikiziendesha kubwa. Ule mchoro ulikuwa wa umeme wa volti 18 chanya na 18 hasi, na kwa spika ya omu 8 hapo unapata wati 14 hivi. Wati 14 ni za sebuleni. Kwaya ina watu ishirini na sita na kanisa lina paa la bati.

Basi nikanunua transfoma ya 24-0-24, yaani volti 24 kila upande wa sifuri. Zidisha 24 kwa 1.414 unapata karibu 34, toa kinacholiwa na dayodi zinazonyoosha umeme, zinabaki 33 kila upande. Hapo unakaribia wati 50. Nikajiambia kinachotakiwa ni transista za mwisho zenye nguvu, nikaagiza 2SC5200 na 2SA1943, zije na basi kutoka Kariakoo. Volti 230, ampea 15, wati 150 kila moja. Karibu pesa zote ziliishia hapo na kwenye transfoma. Zile ndogo nilizichota tu kwenye mfuko wa plastiki nilionao miaka yote: BC547 na BC557, shilingi 300 moja, kwa sababu ndizo mchoro ulizosema.

Nyumbani iliimba wiki nzima. Safi kabisa. Jumamosi tukaifunga kanisani, mwalimu wa kwaya akapandisha sauti, na pale besi walipoingia kwa pamoja ukatoka mlio kama mtu amepiga debe teke. Koni ya spika ikavutwa ndani na ikabaki hukohuko ndani. Nilitakiwa kuchomoa plagi palepale. Badala yake nikainama nisikilize, kana kwamba spika ingeniambia kitu. Baada ya muda mfupi nikasikia harufu ya vanishi ya koili inayoungua, na moshi mwembamba ukatoka katikati ya koni.

Fyuzi ilikuwa nzima. Hilo liliniuma kuliko yote. Niliweka ya ampea 5, na spika ya omu 8 ukiipima kwa multimita koili yake ni omu kama 6. Volti 33 kwenye omu 6 ni ampea 5 na kitu. Fyuzi ya aina hiyo inaweza kukaa muda mrefu ikiitazama ampea 5 na kitu ikipita, huku koili inameza zaidi ya wati 150 za moto, bila fyuzi kutikisika hata kidogo.

Lawama ya kwanza niliitupia umeme, ya pili nikamtupia aliyeniuzia zile kubwa, maana feki za 2SC5200 zimejaa kila kona ya dunia. Usiku ule nikazipima. Zote nne zilikuwa nzima, hazikuwa hata na alama ya joto. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye BC547 moja iliyokaa pembeni ya bodi, ndogo kama mbegu ya parachichi iliyokatwa mara kumi, na hapo multimita ikalia: kolekta na emita, miguu yake miwili kati ya mitatu, zimeshikana.

Ile ilikuwa chanzo cha mkondo.

Kwa asiyejua: chanzo cha mkondo ni transista iliyopewa kazi ya kupitisha kiasi kilekile cha umeme, iwe volti zimepanda au zimeshuka. Bomba letu la maji la Isyesye asubuhi linapasua ndoo. Saa moja jioni, watu wote wakifungulia, linadondosha kama pua. Rezista ni bomba hilo, inatoa kwa kadiri ya msukumo. Chanzo cha mkondo ni kama kuna mtu amekaa pale na mkono kwenye koki, anafungua na kufunga kidogokidogo ili ndoo yako ijae kwa dakika zilezile. Baba humwita mshika koki. Katika amplifaya kama yangu wanahitajika wawili: mmoja anazilisha zile pacha za mlangoni, mwingine ndiye mzigo wa transista inayokuza volti.

Huyu wa pili ndiye aliyekufa, na sababu ni hesabu ya darasa la saba ambayo sikuipiga. Sauti ikiwa ndogo, katikati ya saketi panakaa karibu na sifuri, na mshika koki anaona volti 33 tu. BC547 imeandikiwa 45, kwa hiyo inastahimili. Lakini besi wakiimba kwa nguvu, wimbi linapanda hadi karibu na chanya 30, na yeye miguu yake iko kwenye hasi 33. Sasa anabeba zaidi ya 60. Kwenye mchoro wa volti 18 asingeona zaidi ya 36 hata ungepiga kelele kiasi gani. Aliyeuchora alikuwa sahihi; mimi ndiye niliyeinua nyumba bila kuuliza kama ngazi inafika. Iliposhikana ikavuta sehemu ile yote chini kwenye hasi, zile kubwa za bei mbaya zikatii amri kama askari, zikaipeleka hasi 33 moja kwa moja kwenye spika.

Nilipompelekea Baba, akaizungusha kwenye vidole. "Kopo hili, mama, ni la zilizokufa kwa ugonjwa wao," akasema. "Hii uliiua mwenyewe." Akanirudishia.

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii nilianzia kwa ndogo.

Kanuni ya Baba ni kuacha theluthi. Chukua volti za juu kabisa ambazo transista itaziona siku mbaya, ongeza theluthi, ndipo utafute namba. Siku mbaya kwetu siyo volti 230. Usiku wa manane, watu wakiwa wamezima pasi na majiko, nimewahi kupima 250 kwenye soketi yangu, na hapo 33 zangu zinakuwa 36 kila upande, jumla 72. Theluthi yake 24. Natafuta kitu cha volti 96 kwenda juu. BD139 na BD140, ambazo kila fundi anazo na mimi nazipenda, zinaishia 80. Zingetosha, wengi wanaziweka na zinaishi, ila ningelala na wasiwasi.

Nilizopata hapahapa Mbeya bila kusubiri basi ni 2N5551 ya volti 160 na mwenzake 2N5401 ya 150. Zina raha moja: ukizitazama usoni miguu imepangwa emita, beisi, kolekta, wakati BC547 ni kolekta, beisi, emita. Yaani ukiigeuza tu nyuma mbele inaingia kwenye matundu yaleyale ya bodi. Usijaribu hivyo na C1815, hiyo beisi yake iko pembeni, utaipindapinda miguu hadi ikatike.

Kwa pacha za mlangoni 2N5551 zinatosha na kubaki, maana kila moja inapitisha miliampea 1. Kwa hatua ya kukuza volti nilijaribu hizohizo. Nilitaka mkondo wa miliampea 6.5, na hiyo siyo namba ya kuokota. Kwenye kilele spika inavuta kama ampea 3.5. 2SC5200 ikikuza mara 60 inahitaji miliampea 58 kwenye beisi yake, na TIP41C inayoiendesha, ikikuza mara 40, inahitaji miliampea 1.5 hivi. Zikiwepo 6.5 kila wakati, huyu wa kati hatakosa cha kugawa. Sasa miliampea 6.5 mara volti 33 ni wati 0.2 na ushee. Karatasi ya kiwanda inasema 2N5551 inabeba wati 0.625, kwa hiyo kwa maandishi ni sawa, lakini nilipoigusa baada ya dakika kumi kidole hakikukaa. Kitu kidogo kinachochemka mchana na usiku ndani ya boksi sikitaki. Nikaweka MJE340 na MJE350, volti 300, zenye tundu la skrubu, nikazifungia kipande cha alumini nilichokata kwenye fremu ya dirisha. Sasa zina uvuguvugu tu.

Hapo kuna jambo lililonichekesha. Chanzo cha mkondo cha transista mbili kina yule anayebeba volti na mwingine anayemchunga: mchungaji anatazama rezista ya omu 100, na volti zake zikifika 0.65 anambana mwenzake. 0.65 gawa kwa 100, miliampea 6.5. Mchungaji huyu mwenyewe haoni zaidi ya volti 1.3 maisha yake yote. Kwa hiyo pale nimeweka nini? BC547, kutoka mfuko uleule.

Kwa pacha za mlangoni nilitaka kuona kwa macho tofauti ya njia mbalimbali, maana watu wengi huweka rezista tu na kusema inatosha. Nikaweka rezista ya kilo-omu 15. Inapitisha miliampea 2 na kidogo, vizuri. Lakini umeme wetu jioni hushuka hadi 195, 33 zinakuwa 28, na mkondo unashuka nao. Baya zaidi, umeme uliotoka kwenye dayodi haunyooki kama meza; una mawimbi madogo mara 100 kwa sekunde, na rezista huyapitisha hadi mlangoni kama tarishi mwaminifu. Ukiweka sikio kwenye spika unasikia mmm, mmm, nyuki ndani ya mzinga. Ni sauti ambayo kanisani hutaisikia wakati wa kuimba, utaisikia wakati wa maombi ya kimya, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikaweka mshika koki mahali pa rezista. Dayodi mbili za 1N4148 zikishika beisi yake, nyuki walipungua sana. Transista mbili, walipungua zaidi. Ila hizi zote zinategemea ile 0.65, na 0.65 siyo namba takatifu: inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa watu wa Dar huenda si kitu. Mimi nilipima saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita, chumba kikiwa nyuzi 12 na mikono imekufa ganzi, nikapata miliampea 2.05. Nikaiwasha, nikaifunga kwenye boksi na jirani zake wenye moto, baada ya saa moja ikawa 1.85. Haiui, lakini ilinikera.

Kitaa chekundu cha LED, mahali pa zile dayodi, ndicho kilichonituliza. Kile cha kawaida, cha zamani, kisichong'aa sana. Cheupe na cha bluu vinakaa kwenye volti 3 na havifai hapa. Chekundu kinashika karibu volti 1.75. Toa 0.65 ya transista, inabaki 1.1, gawa kwa omu 560, miliampea 2 kasoro kidogo. Uzuri wake ni kwamba LED nayo joto likipanda inashusha volti zake karibu kwa kiasi kilekile inachoshusha transista, kwa hiyo zikikaa zimegusana zinashuka kama watu wawili wanaoshuka ngazi wameshikana mikono, na ile 1.1 katikati yao haitikisiki. Nilipima asubuhi 1.96, baada ya saa moja ndani ya boksi 1.95. Ile rezista inayoilisha LED niliigawa mbili, katikati nikaweka kapasita ya maikrofaradi 47 kwenda upande hasi, kule LED inakoishia. Nyuki wakahama.

Kulinganisha pacha kuliniletea jioni nzuri kuliko zote. Nilikuwa na 2N5551 ishirini. Nazipitishia miliampea 1 moja baada ya nyingine na kusoma volti za beisi na emita: 0.631, 0.634, 0.629. Tarakimu ya mwisho ilikuwa haitulii. Niliishika transista, namba ikashuka. Niliiachia, ikapanda polepole. Nikasogea na kuipulizia pumzi tu, kama mtu anayepasha miwani, na multimita ikatoka 0.634 hadi 0.628 mbele ya macho yangu, halafu ikaanza kurudi. Nimefundisha vijana kusoma multimita miaka tisa na sikuwahi kuona joto la pumzi yangu mwenyewe likiandikwa kwa volti. Kuanzia hapo nilizikamata kwa kibano, nikasubiri hadi mia kabla ya kusoma kila moja. Mbili zilizolingana hadi milivolti nikazibandika uso kwa uso na kuzifunga waya mwembamba wa shaba, ili moja ikipata joto na mwenzake apate. Umeme uliobaki kwenye njia ya spika wakati hakuna muziki ukawa milivolti 4. Kwenye bodi ya kwanza ulikuwa 31.

Kuhusu zile kubwa sina mengi. 2N3055 tulizonazo tele koponi na nje ya kopo zinaishia volti 60, kwa hiyo kwenye 66 zangu hazina nafasi, hata Baba alipolalamika kwamba za bati ndizo transista za kweli. 2SC5200 nilizokuwa nazo nikataka kuzijua. Kununua tano kwa kazi ya nne ni gharama, lakini ya tano niliiminya kwenye jiliwa hadi ikapasuka. Kipande cha silikoni ndani kilikuwa kipana, mraba unaoonekana bila miwani. Baba ana moja feki aliyoipasua zamani: kipande chake ni kama punje ya ulezi kwenye sahani. Maandishi ya nje yanafanana kabisa. Wenye kiwanda, Toshiba, sasa hizo huziita TTC5200 na TTA1943, kwa hiyo ukiletewa "mpya kabisa" zenye jina la zamani, pasua moja kwanza.

Kuwasha mara ya kwanza nilipitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya. Balbu ikiwaka na kubaki inawaka, kuna kitu kimeshikana. Ikimulika mara moja na kufifia, endelea. Ilififia. Fyuzi sasa ni za ampea 3, na kati ya bodi na spika kuna rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata ikiona umeme mnyoofu. Spika nililipia mwenyewe kuzungushiwa koili mpya.

Jumamosi iliyopita tuliirudisha. Niliwasha, nikakaa. Mwalimu wa kwaya, ambaye bado ana kumbukumbu ya moshi, alisogea polepole, akaweka sikio kwenye spika, akanigeukia.

"Dada, mbona haijawaka?"

Nikamwonyesha kwenye matundu ya boksi, kule ndani, kitaa chekundu.